Soma Ardhi Kabla ya Kofia

Huku Voi, chini ya mlima Sagalla, vuli ndiyo mvua tunayoitegemea. Masika yaweza kutupita kando, lakini Novemba ikifika na ardhi ikalowa sawasawa, kumbikumbi huruka jioni, na asubuhi moja baada ya hapo unakuta uyoga mweupe umepasua udongo mgumu wa kichuguu. Nimefundisha shule za msingi za kaunti hii mpaka nikastaafu. Katika yote niliyofundishwa na niliyofundisha, elimu ya uyoga ndiyo ninayoiona ikipotea haraka kuliko nyingine, na ndiyo ambayo kupotea kwake kunaweza kuua.

Naandika historia yake kwa sababu naamini haijaeleweka vizuri. Watu hudhani wazee wetu walikariri sura za uyoga: huu unaliwa, ule una sumu. Sura walizijua, lakini hawakuanzia hapo. Walianza na ardhi.

Nyanya yangu mzaa mama hakuwahi kuniuliza uyoga una rangi gani. Aliuliza, “Umeutoa wapi, mjukuu wangu?” Jibu likiwa chini ya mti, au kwenye zizi la ng’ombe, uyoga ulimwagwa bila mjadala. Jibu likiwa kichuguuni, alifunga leso yake akanifuata kwenda kuuona ule uliobaki. Alichuchumaa, akaiacha kofia kama ilivyo, akaanza kufukua kando ya shina kwa kijiti. Uyoga wa mchwa hauishii usawa wa udongo. Shina linaendelea kwenda chini, likizidi kuwa jembamba na gumu, nje rangi ya kahawia iliyokolea, ndani jeupe lenye nyuzi. Wakati mwingine hushuka dhiraa nzima katika udongo mwekundu ulioshikana, hadi kwenye chumba ambamo kidole kinagusa kitu laini chenye matundu, rangi ya mchanga uliolowa. Hilo ndilo shamba la mchwa, na ukiligusa askari wao wanatoka kuuma. Kwa nyanya, askari hao ndio waliokuwa ushahidi.

Ndipo alipoitazama kofia. Katikati yake huwa na ncha ngumu iliyochongoka, ndiyo iliyotoboa udongo. Mikunjo ya chini ni myeupe, kisha inaelekea rangi ya waridi uyoga ukikomaa. Shina halikai ndani ya kifuko.

Upo pia uyoga mdogo, kofia yake haizidi upana wa kidole gumba, unaotokea kwa mamia juu ya ardhi tupu. Huu hauna mzizi mrefu wa kufukua, kwa sababu mchwa wenyewe hutoa nje vipande vya shamba lao, na uyoga ukaota juu ya vipande hivyo. Hapo nyanya alichota udongo kiganjani akatafuta chembe za shamba la mchwa. Asipoziona, aliuacha uyoga pale pale, hata kama sufuria nyumbani ilikuwa tupu.

Sayansi ilikuja baadaye kueleza kwa nini utaratibu huo ulifanya kazi. Mfaransa Roger Heim ndiye aliyeipa jamii ya uyoga huu jina la Termitomyces, mwaka 1942. Mchwa wa aina hii hawawezi peke yao kumeng’enya sehemu ngumu ya mti. Wanatafuna vijiti na nyasi kavu, wanazipitisha tumboni pamoja na spora za kuvu, kisha wanazijenga kuwa shamba chini ya ardhi. Kuvu wanaivunja ile sehemu ngumu, nao mchwa wanakula kilicholainishwa. Ushirika huo ulianzia Afrika. Katika Bonde la Rukwa, Tanzania, watafiti walitangaza mwaka 2016 kwamba wamepata mashamba ya mchwa yaliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi.

Hapa kwetu utafiti wa mchwa na kuvu wao umefanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, chenye kituo Wundanyi. Vichuguu vikubwa vya nyika ya Tsavo ni vya aina mbili za mchwa: Macrotermes subhyalinus, ambao huacha bomba wazi juu ya kichuguu, na Macrotermes michaelseni, ambao hukifunga kabisa. Kichuguu kimoja hulima kuvu wa aina moja tu, na mchwa hupalilia mchana na usiku wasiruhusu kuvu mwingine kuota ndani. Kwa hiyo uyoga ulioshikamana kwa mzizi na shamba la mchwa walio hai una wadhamini. Kichuguu kilichokufa hakina dhamana hiyo. Juu ya vichuguu huota pia kuvu wengine, kama Podaxis, ambaye kofia yake imefumba na ndani hugeuka unga mweusi. Ndiyo maana haikutosha kuuona uyoga kichuguuni, ilibidi kufukua.

Elimu hii ilinolewa na njaa. Mmishonari J. A. Wray wa kanisa la Kianglikana alifika Sagalla mwaka 1883, na katika miaka hiyo hiyo Wataita walipigwa na njaa ambayo wazee waliikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Wakati wa ukame wenyewe uyoga hauoti. Unaota mvua inaporudi, na hizo ndizo wiki ngumu kuliko zote: ghala limekwisha, mtama na mahindi bado ni miche, na mtu mwenye nguvu za kulima hana cha kula ili alime. Katika wiki hizo porini kuna mboga za majani, kumbikumbi na uyoga. Kukosea wakati huo kulimaanisha kuilisha sumu familia ambayo tayari ilikuwa dhaifu. Sishangai kwamba watu walikuwa wakali kuhusu mahali uyoga ulipotoka.

Na ardhi yenyewe iliwasaidia. Nyika inayozunguka Voi, kutoka Sagalla hadi Kasigau, ni ya migunga na miti ya jamii ya Commiphora. Mizizi ya miti hiyo haishirikiani na kuvu wa jamii ya Amanita wanaoishi kwa kushikamana na mizizi, na katika jamii hiyo ya Amanita ndimo ulimo uyoga unaoua kuliko mwingine duniani. Mtu aliyekulia nyikani alikutana zaidi na uyoga wa mchwa na ule unaokula majani yaliyooza na samadi. Kanuni ya kichuguu ilitosha kwa sababu ilikuwa kanuni ya ardhi hii.

Sasa fikiria yaliyowapata Wakasigau. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, ikawaondoa mlimani kwao ikawapeleka Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi, na waliobaki hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1930. Nyuma ya Malindi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye mirihi na mibambakofi, miti ambayo mizizi yake hushirikiana na kuvu kwa namna ambayo migunga haifanyi. Chini ya mirihi huota uyoga ambao nyika ya Kasigau haikuwa nao. Watu wale walinyang’anywa mashamba, nyumba na makaburi ya wazee wao. Naongeza kwamba walinyang’anywa pia ardhi waliyojua kuisoma, na hasara hiyo sijaiona ikiandikwa popote.

Kusini mwa Tanzania, kwenye misitu ya miombo, watu waliishi na uyoga wa aina hiyo kwa vizazi vingi, na elimu yao ni tofauti na yetu. Wanachuma uyoga chini ya miti, hata baadhi ya Amanita inayoliwa, kwa sababu wanajua upi ni upi katika msitu wao. Mtaalamu wa Kifini Marja Härkönen, pamoja na Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, waliandika kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania mwaka 2003. Ukikisoma unaona wazi kwamba watu wa miombo hawakutuzidi akili wala hatukuwazidi. Kila jamii ilisoma ardhi yake.

Tatizo letu la leo ni kwamba ardhi imebadilishwa na kanuni haikubadilishwa nayo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita Voi. Baada yake yalikuja mashamba ya katani ya Voi na Mwatate, na vichuguu vingi vikasawazishwa. Tarehe 1 Aprili 1948 Mbuga ya Tsavo ilitangazwa, na leo zaidi ya nusu ya kaunti hii imo ndani ya mbuga, ambamo huruhusiwi kuchuma kitu. Watoto waliokuwa wakiwafuata nyanya zao vichuguuni walibaki na vipande vya ardhi kando ya barabara na nyuma ya nyumba.

Kwenye milima ya Taita, katika karne ya 20, misonobari, mikaratusi na misanduku ilipandwa pembeni na hata ndani ya misitu ya asili kama Ngangao. Msonobari ni mti wa ugenini, na katika nchi kadhaa za Afrika miche yake ilidumaa mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu wanaoshirikiana na mizizi yake. Kwa hiyo mti haukuja peke yake. Chini ya misonobari ya Afrika Mashariki na Kusini unaweza kukuta uyoga mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, ambao mababu zetu hawakuujua. Afrika Kusini, pamoja na mialoni ya Ulaya, iliingia hata Amanita phalloides, uyoga unaoua kwa kuharibu ini. Anayechuma milimani chini ya misonobari anasoma ardhi ambayo nyanya yangu hakuisoma.

Mjini Voi, hatari ya karibu zaidi iko kwenye nyasi: viwanja vya shule, bustani za hoteli, nyasi zinazomwagiliwa hata kiangazi. Huko huota Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia. Kwa mbali, na hasa ukiwa mchanga, unamdanganya mtu aliyesikia tu kwamba uyoga mkubwa mweupe wa mvua ni chakula. Hauui mara nyingi, lakini baada ya saa moja hadi tatu humlaza mtu kwa kutapika na kuharisha vibaya, na mtoto mdogo anaweza kupungukiwa maji hadi akawa hatarini.

Alama zake ni hizi. Shina lina pete unayoweza kuisogeza juu na chini. Ukifukua hukuti mzizi mrefu, na mchwa hawapo. Mikunjo ni myeupe mwanzoni, kisha inageuka kijani cha kufifia. Kwa uhakika zaidi, kata kofia ya uyoga uliokomaa, ilaze juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli, uiache usiku kucha. Uyoga wa mchwa huacha unga wa rangi ya waridi. Huu wa nyasi huacha unga wa kijani. Jamii ya Amanita huacha mweupe, kwa hiyo usidhani weupe ni usalama. Wanafunzi wangu walilifanya jaribio hilo darasani, na sijaona somo la sayansi lililowanyamazisha kwa mshangao kama lile. Lakini jaribio hili ni la kukataa uyoga. Unga wa waridi peke yake hautoshi kumruhusu mtu ale, maana uyoga mwingine wenye unga wa rangi hiyo una sumu.

Yapo majaribio ambayo ningependa yafe kabisa. Kwamba kijiko cha fedha kikigeuka cheusi ndipo ujue ni sumu. Kwamba uyoga ulioliwa na konokono au nyani ni salama. Kwamba kitunguu saumu huonyesha sumu au kuiondoa. Hakuna hata moja lililo kweli. Sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Dalili huchelewa saa 6 au zaidi, mgonjwa hutapika, kisha huonekana kupata nafuu huku ini likiendelea kuharibika. Aliyekula uyoga asioujua akaumwa, apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga.

Kwamba elimu ya mahali ikihamishwa inaweza kuua, dunia imeshuhudia. Huko California na Australia, wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki wamechuma Amanita phalloides wakidhani ni uyoga wa majani ya mpunga walioula kwao tangu utotoni. Si kwamba hawakuwa na elimu. Walikuwa nayo, ila walisimama juu ya ardhi nyingine.

Siku hizi vijana wananitumia picha kwenye simu: uyoga uko kiganjani, umekatwa shina, wakiuliza kama unaliwa. Picha hiyo ina kofia tu. Haina kichuguu, haina mzizi, haina mchwa, na mtu mwaminifu hawezi kuijibu. Ninachokitaka ni kwamba shule zetu, kuanzia Sagalla hadi Kasigau na Wundanyi, ziwatoe watoto nje vuli inaposhika, pamoja na mzee anayejua, wafukue wenyewe. Tuandike pia majina na sifa za kila uyoga kwa Kidawida, Kisagalla na Kikasigau wakati wenye kuyajua wangali hai. Na vichuguu vilivyobaki mashambani tuviache, tusivibomoe ili kufyatua matofali wala kuvimwagia dawa. Tukivimaliza, mtoto wa Voi atabaki na picha za kofia, na kofia peke yake haijawahi kumtosha mtu kujua anachokula.