Wachezaji wa Dakika Tano: Filme ya Stanleyville ya Mwaka 1958 na Majina Yasiyoandikwa

1. Utangulizi

Katika kila hadithi kuko mwenye hadithi, na kuko wale wanaomsindikiza. Mzee akisimulia karibu na moto, watoto wanashika jina la shujaa. Lakini kesho yake ukiwauliza ni nini kiliwagusa, mara nyingi watakutajia kizee cha njiani, ao ndege aliyeleta habari, ao mtu mmoja tu aliyefungua mlango kisha akapotea.

Mu sinema ni vilevile. Kuko mchezaji mkubwa ambaye sura yake inabandikwa kwenye matangazo, na kuko wachezaji wa pembeni, ambao wanaonekana dakika tatu, dakika tano, halafu basi. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha namna gani mtu wa dakika tano anaweza kubaki mu kichwa cha watazamaji kuliko yule wa saa mbili. Tunataka pia kuuliza swali lingine linalotuhusu sisi Wakongo: wale wa kwetu waliopita mbele ya kamera wakati wa ukoloni, majina yao yako wapi?

Mfano wetu ni filme moja iliyochukuliwa Stanleyville, mji ambao leo tunauita Kisangani.

2. Filme yenyewe

Mwaka 1956, mwandishi wa Marekani Kathryn Hulme alitoa kitabu juu ya maisha ya sista mmoja Mbelgiji, muuguzi, aliyetumwa Kongo na ambaye mwishoni aliacha utawa. Aliandika kufuatana na maisha ya Marie-Louise Habets, aliyekuwa kweli sista na muuguzi. Kwa Kiingereza kitabu kinaitwa The Nun's Story. Wanaosoma Kifaransa wanakijua kwa jina la Au risque de se perdre. Fred Zinnemann akakifanya filme, ikatoka mwaka 1959. Sista Luke alichezwa na Audrey Hepburn, ambaye naye alizaliwa Bruxelles mwaka 1929.

Sehemu nyingi za ndani zilichukuliwa Roma. Lakini mwanzo wa mwaka 1958 kikundi kilikuja Stanleyville, miaka miwili tu mbele ya uhuru. Vipande vya wagonjwa wa ukoma vilichukuliwa Yalisombo, kijiji cha wagonjwa kandokando ya mto, ambako munganga Mwingereza Stanley Browne, wa misioni ya Wabaptisti ya Yakusu, alikuwa akiwatunza. Zinnemann alitamani sehemu za Ulaya ziwe nyeusi na nyeupe, na sehemu za Kongo ziwe za rangi. Wenye feza walikataa, ikawa ya rangi yote.

Filme hiyo iko na urefu wa karibu saa mbili na nusu. Ilipendekezwa kwa zawadi 8 za Oscar, haikupata hata moja. Lakini tuangalie wale wa pembeni.

3. Mwanamke wa chumba kilichofungwa

Mbele ya kuja Kongo, Sista Luke anatumwa kufanya kazi kwa wagonjwa wa kichwa. Kuko mwanamke mmoja ambaye anajiita Malaika Mkuu Gabrieli. Sheria iko wazi: mtu asifungue mlango wake akiwa peke yake. Usiku mwanamke anaomba maji. Sauti yake ni ya upole kabisa. Sista anamhurumia, anafungua. Mara mwanamke anamrukia kwa nguvu ya kutisha, na wanashindana mpaka sista anaponea kwa shida.

Aliyecheza mwanamke huyo ni Colleen Dewhurst, mzaliwa wa Montréal, na ndiyo ilikuwa filme yake ya kwanza ya kujulikana. Anaonekana dakika chache tu. Lakini kila mtu aliyeona filme hii anamkumbuka. Juu ya nini? Si juu ya makelele. Ni juu ya ule upole wa kwanza. Kama angelianza kwa kupiga kelele, sisi pia tungelijua hatari. Alitudanganya sisi pamoja na sista. Tena, kipande hicho kinabeba maana ya filme yote: je, utii unashinda huruma, ao huruma inashinda utii? Mtu wa dakika chache ndiye anayeleta swali, na mchezaji mkubwa anabaki kulijibu mpaka mwisho.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Mchezaji wa pembeni hapimwi kwa saa. Anapimwa kwa mahali anapotokea. Akitokea kwenye njia panda ya mwenye hadithi, neno lake moja linageuza safari nzima.

4. Beatrice Straight na zile dakika tano

Katika sehemu hiyohiyo kuko Mama Christophe, mkubwa wa masista wa pale. Alichezwa na Beatrice Straight, Mmarekani wa tamasha. Wakati ule wachache walimwangalia. Tungoje miaka 17. Mwaka 1976 ikatoka filme Network ya Sidney Lumet, juu ya kampuni ya televizyo. Beatrice Straight anacheza bibi ya mkubwa mmoja wa kazi. Bwana anakuja kumwambia kwamba anapenda mwanamke mwingine. Kipande kikubwa ni kimoja tu. Anakasirika, anadai heshima yake ya miaka 25 ya ndoa, analia, halafu anamuuliza kwa sauti ya chini kama huyo mwanamke anampenda kweli. Basi, hadithi inaendelea bila yeye.

Kwa jumla anaonekana muda wa dakika 5 hivi, mu filme ya saa mbili. Siku ya 28 Machi 1977 alipewa Oscar ya mchezaji wa pembeni wa kike. Mpaka leo hakuna mchezaji aliyepata zawadi hiyo kwa muda mfupi kuliko yeye. Na usiku uleule, zawadi ya mchezaji mkubwa wa kiume ilipewa Peter Finch kwa filme hiyohiyo. Alikuwa amekwisha kufa mwezi wa Januari. Peter Finch ni nani? Ndiye aliyekuja Stanleyville mwaka 1958 kucheza munganga Fortunati, yule anayemwambia Sista Luke ukweli ambao masista hawakumwambia. Kumbe watu wawili wa filme ya Kisangani walikutana tena kwenye zawadi ile.

Tuongeze wa tatu: Peggy Ashcroft, aliyecheza Mama Mathilde, mkubwa wa masista wa Kongo, naye alipewa Oscar ya mchezaji wa pembeni mwaka 1985, kwa filme nyingine.

5. Kalulu na Ilunga

Sasa tuje kwa watu weusi. Kwenye orodha ya majina ya filme tunakuta wawili wanaofanya kazi na masista: Kalulu na Illunga. Hata kama waliandika l mbili, sisi tunajua: Ilunga ni jina la Waluba, na Kalulu ndiye sungura mjanja wa hadithi zinazosimuliwa Katanga ya kusini. Lakini waliocheza hawakuwa Wakongo. Kalulu alichezwa na Orlando Martins, aliyezaliwa Lagos mwaka 1899. Illunga alichezwa na Errol John wa Trinidad, ambaye alikuwa pia mwandishi wa tamasha.

Orlando Martins alikuwa mwalimu wa kazi hii ya dakika chache. Mwaka 1949, katika The Hasty Heart, alicheza askari mweusi aliyelazwa ku lopitali la vita kule Burma. Askari huyo hajui Kiingereza. Karibu hasemi kitu ila jina lake, Blossom. Mtu mzima anasimama mbele ya wachezaji wanaosema sana, kati yao Ronald Reagan aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na yeye neno lake ni moja. Lakini macho yake yanasikiliza. (Tukumbuke kwamba waganga na wauguzi wa Force Publique, Wakongo wetu, walikuwa kweli kule Burma wakati wa vita ile. Filme haikuwataja.)

Hapa sherti tutofautishe mambo mawili, na wanafunzi wetu tunawaomba washike vizuri. Kuko udogo ambao msimulizi anachagua kwa sababu ya uzuri wa hadithi: ndio wa Dewhurst, ndio wa Straight. Na kuko udogo ambao mtu anafungiwa ndani yake kama mu kibanda. Beatrice Straight angeliweza kupewa nafasi kubwa kesho yake. Orlando Martins alifanya kazi miaka mingi, lakini kila mara ni mtumishi, ni askari, ni mchawi, ni mfalme wa msituni. Tukisifu ufundi wake bila kusema hayo, tunasifu pia ule ukuta. Tusifu mtu, ukuta tuutaje kwa jina lake.

6. Wale wasio na jina

Chini kabisa ya orodha, ao tuseme inje ya orodha, kuko wengine. Kule Roma, kwa ibada za masista, Zinnemann aliajiri wanawake wacheza-dansi wa Opera ya Roma, kusudi watembee na kupiga magoti kwa mwendo mmoja. Nani anajua majina yao? Lakini bila wao ibada zile zisingelikuwa na nguvu.

Na kule Stanleyville, wale waliojaa mu vipande: wabeba mizigo, wamama na watoto, wagonjwa, wapiga kasia? Hao hawakuigiza maisha ya mahali pale. Walikuwa maisha yenyewe. Wagonjwa wa Yalisombo walikuwa wagonjwa kweli. Mtu anatazama kamera nukta mbili, na uso wake unasema zaidi ya kurasa kumi. Mu orodha, hakuna.

Si ajabu. Wakati ule filme kwa Mukongo zilipimwa na wakoloni: za Wazungu mbali, za “wenyeji” mbali. Mapadri walitengeneza zao. Kule Kasai Padri Albert Van Haelst alifanya vichekesho vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ambavyo watu walicheka sana. Lakini kuwa mtu mwenye jina na kazi ya sinema, hiyo ilikuja nyuma. Mwaka 1987, katika La Vie est belle, mchezaji mkubwa alikuwa Papa Wemba wa kwetu, na Pépé Kallé na mchezaji wake Emoro walikuwa pembeni. Safari hii hata wa pembeni walikuwa na majina, na watu waliwaita kwa majina hayo.

7. Mila zetu zinasema nini?

Wengine wanafikiri heshima kwa mchezaji mdogo ni jambo la Oscar. Hapana. Babu zetu waliijua.

Katika historia ya Waluba inasimuliwa kwamba mfalme Nkongolo Mwamba alimwonea wivu Kalala Ilunga, mtoto wa mwindaji Mbidi Kiluwe. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akafunika kwa mkeka, kisha akamwita aje kucheza ngoma juu yake. Nani aliokoa ufalme? Mpiga ngoma. Kwa mapigo ya ngoma alimwonya Kalala, naye akakimbia, akavuka Lualaba. Mpiga ngoma anaonekana mu hadithi kidogo tu. Bila yeye hakuna ufalme wa Waluba kama tunavyousimulia.

Na karibu na Yalisombo yenyewe, mfano uko wazi zaidi. Walokele wa Yakusu wanajulikana duniani kwa ngoma yao inayosema; mmisionari John Carrington aliandika juu yake kitabu mwaka 1949. Kwa ngoma hiyo mtu haitwi kwa neno moja. Anaitwa kwa jina lake la ngoma, kisha la baba yake, kisha la kijiji cha mama yake. Hata mvuvi asiye na cheo, ngoma ikimtafuta, mto mzima unasikia yeye ni nani na ametoka wapi.

Tazama basi: kamera ilifika penye watu ambao kwao hata mdogo anaitwa kwa jina refu, na ikaondoka na nyuso zao bila jina hata moja fupi.

8. Hitimisho

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuna filme ya mtu mmoja, hakuna historia ya mtu mmoja. Tumeona kwamba mchezaji wa pembeni anashinda kwa mambo matatu: anatokea mahali panapofaa, anabeba jambo moja tu lakini analibeba lote, na anaondoka mbele watazamaji hawajashiba.

Lakini kazi yetu sisi walimu na wazazi haiishi ku kusifu. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka 1958 amepita sasa miaka 70. Kisangani iliona vita ya 1964, ikaona tena ile ya siku sita ya Juni 2000. Nyumba na picha za jamaa nyingi ziliharibika. Filme inabaki pengine mahali pekee ambapo uso wa babu fulani ungali unaonekana. Kwa hiyo tunaomba vijana wa Kisangani, wa Yakusu na wa Yalisombo: tafuteni filme hiyo, mwonyeshe wazee, mwisimamishe kwenye kila uso, muulize: “Huyu ni nani? Baba yake nani? Mama yake alitoka kijiji gani?” Muandike mu kayé.

Hata kama mtapata majina matatu tu, ni matatu ambayo Zinnemann hakuyaandika. Wazee wanaoweza kuyataja wanapungua kila mwaka.