Kodi Waliyoiomba Wenyewe

Nani kati yetu amekwisha kuona watu wakiomba watozwe kodi? Lakini jambo hili lilitokea kweli, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada.

Magharibi ya mji huo iko njia kubwa iitwayo Bloor. Zamani tramu ilipita hapo. Abiria waliyaona maduka kwa dirisha, wakashuka, wakanunua. Kisha mji ukachimba njia ya treni chini ya udongo, na mwaka 1968 treni hiyo ikafika mtaa ule. Tangu hapo watu walipita chini, wasione duka. Tena, tangu mwaka 1964 lilikuwako Yorkdale, jengo moja lenye maduka mengi na nafasi kubwa ya kuweka motokari. Wanunuzi wakaenda huko, na biashara ya Bloor ikapoa.

Wenye maduka walikuwa na chama, lakini mchango ulikuwa wa hiari. Hapo ndipo penye ugonjwa. Taa ya njiani humwangazia aliyetoa na asiyetoa. Basi mjanja husema moyoni: wengine watalipa, nami nitapata mwanga bure. Wajanja wakizidi, watoaji huchoka. Nasi huku tumeona michango ya kutengeneza daraja ikifa namna hiyo.

Wakatafuta dawa. Wakaiomba serikali ya jimbo la Ontario itoe sheria hii: wenye biashara wa mtaa mmoja wakipatana, mji uwatoze wote kodi ya ziada, kila mtu kwa kadiri yake, kisha fedha yote irudishwe kwa halmashauri ya mtaa ule ule. Sheria ikatolewa, na mwaka 1970 mtaa huo, Bloor West Village, ukawa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka wa kwanza walipanga kutumia dola 47,500. Wakaweka taa, viti na maua, wakayatangaza maduka yao pamoja. Wanunuzi wakarudi.

Wengine wakaiga. Mwaka 1974 mji wa New Orleans, Marekani, uliingia katika njia hiyo. Baadaye Afrika ya Kusini, Uingereza na Ujerumani. Leo Toronto peke yake ina mitaa zaidi ya 80 ya namna hii.

Lakini mambo hayakosi miiba. Mtaa ukipendeza, bei ya kupanga nyumba hupanda, na mwenye duka dogo huumia. Tena wakubwa huweza kuwafunika wadogo. Kwa hiyo hesabu ya kila mwaka sharti ipitishwe na baraza la mji. Dawa hii haiponyi yote, lakini fedha ya wengi yataka macho ya wengi.

Basi, kwa nini walikubali kulipa? Kila mmoja alijua ya kuwa jirani yake naye analipa, na kila mmoja aliiona taa iliyonunuliwa kwa fedha yake. Mambo hayo mawili yakikosekana, hata mchango mdogo huwa mzigo. Kidole kimoja hakivunji chawa.