Njaa ya Haki na Deni la Jirani: Heri ya Nne katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Heri ya nne katika Mahubiri ya Mlimani (Mathayo 5:6) haielekezwi kwa watu waliokwisha kuufikia uadilifu, bali kwa wale wanaojiona wamepungukiwa nao kiasi cha kuuonea njaa na kiu, na kushibishwa kunakoahidiwa humo ni kazi ya Mungu, si zao la juhudi za mwenye njaa. Wahubiri wengi wameifafanua heri hiyo kuwa hali ya moyo, yaani hamu ya mwamini kuwa safi mbele za Mungu, na ufafanuzi huo una msingi wake katika Maandiko. Makala hii, hata hivyo, inatetea hoja kwamba shauku ya haki haipimwi kwa joto la moyo, bali kwa utayari wa mwamini kumrudia mtu aliyemkosea na kumlipa. Inatetea pia kwamba nguvu pamoja na mapungufu ya shauku hiyo yanaonekana kwa uwazi wa pekee katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba lililoenea kutoka Rwanda na Uganda kuanzia miaka ya 1930 hadi likagusa takriban makanisa yote ya Kiprotestanti ya ukanda huu.

Neno la Kigiriki linalotafsiriwa haki linatokea mara 7 katika Injili ya Mathayo, na mara 5 kati ya hizo zimo ndani ya Mahubiri ya Mlimani, ambako maana yake ni mwenendo unaolingana na mapenzi ya Mungu, kwake Yeye na kwa wanadamu. Jambo ambalo wafafanuzi hulipita upesi mno ni kwamba sura hiyohiyo ya 5, aya chache tu baada ya heri, inamwonyesha mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, akaamriwa kuiacha sadaka palepale na kwenda kupatana kwanza. Wasikilizaji wa Yesu walikuwa watu wa Galilaya, na madhabahu pekee ya sadaka waliyoitambua ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kwa hiyo amri hiyo, ikichukuliwa jinsi ilivyo, ilimtaka mtu arudi nyumbani safari yote hiyo, amalize neno na ndugu yake, kisha asafiri tena hadi hekaluni. Inafaa kuzingatia pia kwamba anayetajwa hapo si aliyekosewa na anayesubiri kuombwa radhi, bali ni yule ambaye mwenzake ndiye mwenye malalamiko. Ibada yenyewe inasimamishwa hadi deni la jirani lishughulikiwe.

Habari ya Zakayo katika Luka 19 inaionyesha haki ya namna hiyo kwa hesabu kamili. Torati ilimtaka aliyekiri kosa la kumdhulumu mwenzake arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7), na kwa kondoo aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa ilidai malipo ya wanne (Kutoka 22:1). Mkuu huyo wa watoza ushuru wa Yeriko hakuchagua kiwango cha chini cha mtu anayekiri mwenyewe, bali alijihukumu kwa kiwango cha mwizi, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ikiwa malipo hayo yalitoka katika ile nusu iliyobaki, basi ilitosha jumla ya aliyoyapora ifike sehemu moja ya nane ya utajiri wake ili asibaki na kitu chochote, na ikizidi hapo alikuwa amejitia katika deni asiloweza kulimaliza. Wokovu, kadiri Luka anavyosimulia, ulitangazwa katika nyumba hiyo baada ya ahadi hizo kutamkwa mbele ya watu. Si kwamba ulinunuliwa kwa malipo, kwa maana Yesu alikuwa amekwisha kujialika mwenyewe kwa Zakayo kabla hajasema lolote, lakini malipo yalikuwa ndiyo sura ya nje ya neema iliyokwisha kumfikia.

Mpangilio huo, neema kwanza na malipo baadaye, una uzito mkubwa katika historia ya mafundisho ya Kanisa. Wanateolojia hutofautisha kuhesabiwa haki, yaani tendo la Mungu la kumkubali mwenye dhambi kwa ajili ya Kristo, na utakaso, yaani safari ndefu ya mtu huyo kubadilishwa tabia na matendo. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354 na kufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, alipingana kwa miaka mingi na Pelagio, mtawa aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kutimiza amri za Mungu kwa nguvu za hiari yake, na katika mabishano hayo alishikilia kwamba haki ya mwamini hapa duniani inategemea msamaha wa dhambi kuliko ukamilifu wa wema wake. Kwa Augustino, maisha mazima ya Mkristo ni zoezi la kutamani, na tamaa hiyo takatifu huupanua moyo ili uweze kupokea kile ambacho haujakiona bado. Mtu anayedhani ameshiba, kwa mujibu wa fundisho hilo, hupoteza nafasi ya kushibishwa, na onyo hilo litaonekana kuwa la lazima hapa chini.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia katika mazingira ya Kianglikana yaliyokuwa yamepoa. Mnamo Septemba 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, alikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika mashariki ya Rwanda, na wote wawili wakakiri kwamba Ukristo wao ulikuwa umepungukiwa na kitu. Walisoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku chache, kisha Church akarudi Gahini, ambako katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa hospitali na walimu wa shule, akiwemo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, walianza kukiri dhambi zao hadharani. Kigozi alifariki Januari 1936, lakini wito wake kwa Kanisa la Uganda kwamba liamke, uliofupishwa katika neno la Kiganda zukuka, uliendelea kubebwa na wenzake. Watu hao waliitwa Walokole, yaani waliookoka, jina ambalo mara nyingi lilitamkwa kwa dhihaka na ambalo wao walilipokea bila kuona haya.

Namna ya kukutana kwao inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana teolojia yao ilikaa humo kuliko katika vitabu. Katika ushirika, jina walilolipa kusanyiko lao la kila juma, ndugu walisoma fungu la Biblia, kisha mmoja baada ya mwingine akasimama na kueleza mahali ambapo Neno limemgusa, si kwa maneno ya jumla kama vile kusema kwamba yeye ni mwenye dhambi, bali kwa kulitaja tendo lenyewe: fedha alizochukua kazini, uongo aliomwambia mke wake, chuki aliyomwekea mwenzake wa kabila lingine. Toba iliposikika kuwa ya kweli, wote waliinuka na kuimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu uliovuka mipaka ya lugha zote za eneo hili, wakampa mkono au kumkumbatia aliyetubu. Mambo hayakuishia hapo, kwani ndugu walitazamia kwamba kilichotajwa kingerudishwa, na kumbukumbu za miaka hiyo zimejaa habari za watu waliorudisha mifugo, fedha na mali ya waajiri wao, au waliokwenda kwa maofisa kukiri kodi waliyoikwepa. Utaratibu huo waliuita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7, na uliwafunga Mwafrika na mmisionari sawasawa. Wapo wamisionari waliosimama mbele ya Waafrika, katika zama za ukoloni, wakaungama kiburi chao cha rangi. Tendo hilo pekee lingetosha kuufanya Uamsho ustahili heshima ya kudumu.

Hapo ndipo nguvu ya vuguvugu hilo ilipokuwa. Wakristo wa Gahini na wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, hawakuiacha njaa ya haki ielee hewani kama hisia ya jumla, bali waliishusha hadi kwa mtu mwenye jina, nyumba anamoishi na kiasi anachodai, na kwa kufanya hivyo waliikaribia zaidi heri ya nne kuliko mahubiri mengi yenye ufasaha. Wakubwa wa Kanisa hawakufurahishwa sikuzote. Mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kushikilia maombi na mahubiri yao ya alfajiri yaliyokuwa yamekatazwa, ingawa waliyokuwa wakiyapigia kelele yalijumuisha wizi na uasherati ndani ya chuo chenyewe.

Hata hivyo, njaa inayojua kuyataja madhambi kwa majina inaweza kugeuka haraka kuwa kipimo cha kuwapimia wengine, na Uamsho haukuepuka mtego huo. Huko Nyanza, nchini Kenya, ndugu waligawanyika kati ya Joremo, watu wa damu, na Johera, watu wa upendo, hadi mwaka 1957 Johera chini ya Matthew Ajuoga wakajitenga na Kanisa la Kianglikana. Nchini Uganda, kundi la Abazukufu, yaani walioamka upya, liliona kwamba ndugu wa zamani wamelegea, likaongeza masharti makali juu ya mambo ya maisha ya kila siku na kuwashuku wale wasioyafuata. Kosa la mikondo ya namna hiyo halikuwa kutaka utakatifu mwingi mno, kama wapinzani wao walivyodai. Kosa lilikuwa kwamba shauku ilihama kutoka kwa deni la mtu mwenyewe ikaenda kukaa katika kasoro za jirani, na mtu aliyeitwa mwenye njaa akaanza kujihesabu miongoni mwa walioshiba, jambo ambalo Augustino alilionya karne 15 kabla yao.

Pungufu la pili ni zito zaidi na halizungumzwi vya kutosha. Hesabu ya madhambi iliyofunguliwa katika ushirika ilikuwa, kwa sehemu kubwa, hesabu ya mtu mmoja mmoja. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya mnamo Oktoba 1952, waliookoka wengi wa Gikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, waasi waliopigana na serikali hiyo, kwa hoja kwamba wamekwisha kufungwa kwa damu ya Kristo, na wengi wao vilevile wakakataa kushika silaha upande wa serikali, wakalipa msimamo huo kwa mapigo na kwa uhai wao. Ushujaa wao hauna shaka. Lakini ardhi iliyokuwa imetwaliwa na walowezi nayo ilikuwa mali iliyochukuliwa kwa dhuluma, na ushirika uliojua vizuri namna ya kumdai karani arudishe shilingi za mwajiri haukuwa na utaratibu wa kuidai dola irudishe mashamba. Manabii Amosi na Mika, waliozungumza juu ya mizani ya udanganyifu na mashamba yaliyonyang'anywa katika pumzi moja na ibada, hawakupata nafasi katika ushuhuda kama ile iliyopewa waraka wa Yohana.

Rwanda inalifanya swali hilo liwe gumu kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ndiko moto ulikowaka kwanza. Mchungaji Yona Kanamuzeyi aliuawa huko Nyamata Januari 1964 baada ya kuwahudumia watu waliofukuzwa makwao, na wapo warithi wa Uamsho waliokufa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 kwa kukataa kutenganishwa na ndugu wa kabila lingine. Lakini mwaka huohuo, katika Nyamata ileile, maelfu ya watu waliuawa ndani ya kanisa la Kikatoliki walikokimbilia, na viongozi wa makanisa mbalimbali, wakiwemo wa Kianglikana, walinyamaza au kuitetea serikali iliyoua. Haitoshi kusema kwamba wauaji hawakuwa waongofu wa kweli. Chuki iliyoungamwa ushirikani kama dhambi ya moyo mmoja ilikuwa pia sera, iliyoandikwa katika vitambulisho na kufundishwa shuleni, na toba isiyoifikia sera huiacha ikue.

Kwamba Uamsho ungeweza kuvuka mpaka huo wa toba ya mtu mmoja mmoja kwa kutumia mantiki yake wenyewe, bila kuazima itikadi ya nje, kunathibitishwa na Janani Luwum. Aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho huko Acholi, kaskazini mwa Uganda, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Baada ya askari kuipekua nyumba yake usiku wa Februari 5, 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia rais wa Uganda, Idi Amin, barua, wakalalamikia bunduki zilizotolewa kuwalinda raia na sasa zinawaelekea, mauaji na mali za watu zilizonyang'anywa, na wakaomba kuonana naye. Mtu aliyelelewa katika ushirika anaitambua lugha hiyo mara moja, kwa maana ni ileile ya kulitaja tendo lenyewe na aliyetendewa, safari hii mbele ya mtawala. Luwum aliuawa Februari 16, na serikali ikadai kwamba amekufa katika ajali ya gari.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi na mwenzake Luwum katika Uamsho, alitoroka na mke wake kuingia Rwanda siku chache baadaye, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kinachotangaza upendo wake kwa Idi Amin. Wapo waliokisoma kama kurudi kwenye uchaji wa moyoni baada ya kushindwa hadharani, lakini usomaji huo hauutendei haki mwenendo wa Kivengere, ambaye katika uhamisho aliendelea kuyatangaza ulimwenguni mauaji yaliyokuwa yakifanyika Uganda huku akifundisha msamaha. Msamaha wake ulimhusu mdeni, wala haukufuta hata mstari mmoja wa yale ambayo maaskofu walikuwa wameyaandika katika barua ya Februari.