Kiingereza: "hard" siyo "hardly". Namna ya kutumia vivumishi na vielezi

Hapa mashariki mwa Kongo, Kiingereza si lugha ya mbali tena. Mufanyabiashara wa Kasindi ao wa Mahagi akivuka mpaka kuingia Uganda, anakutana nacho kwenye risiti na kwenye makaratasi ya forodha. Kuna mashirika yanayoomba barua ya kazi iandikwe kwa Kiingereza. Na tangu 2022, nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako lugha hiyo inatumiwa sana maofisini.

Lakini kuna kosa dogo linaloweza kuharibu barua nzima. Mutu anataka kusema anatumika kwa bidii, anaandika: "I work hardly." Anayeisoma anaelewa: "Mimi karibu situmiki." Neno moja tu, na maana imegeuka kabisa.

Tofauti ni gani?

Shuleni wengi tulijifunza "adjectif" na "adverbe" kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili ni kivumishi na kielezi. Kivumishi kinaeleza mutu ao kitu: mwalimu muzuri, "a good teacher". Kielezi mara nyingi kinaeleza tendo: anafundisha vizuri, "he teaches well". Kabla ya kuandika, jiulize: ninaeleza mutu ao kitu? Basi weka kivumishi. Ninaeleza namna tendo linafanyika? Weka kielezi.

Mambo matatu ya kushika

1. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki. Sisi tunasema kitabu kizuri, vitabu vizuri. Kifaransa nacho kinabadilisha. Kiingereza hapana: "important document", "important documents". Usiongeze "s" kwenye "important".

2. Kivumishi kinatangulia jina. Tunasema nyumba nyeupe, lakini wao wanasema "a white house".

3. Vielezi vingi vinapatikana kwa kuongeza "-ly": "slow" inakuwa "slowly" (polepole), "careful" inakuwa "carefully" (kwa uangalifu), "easy" inakuwa "easily" (kwa urahisi).

Angalia pia: nyuma ya "be" (kuwa), na nyuma ya "look", "smell" na "taste" zikieleza namna kitu kilivyo, tunaweka kivumishi. Chakula kinanukia vizuri ni "The food smells good". Hapo hatuelezi tendo, tunaeleza chakula chenyewe.

Maneno yanayotega

"Good" na "well": "Her English is good", lakini "She speaks English well". Ila ukiulizwa habari ya afya, unaweza kujibu "I am well".

"Hard" na "hardly": "I work hard" ni ninatumika kwa bidii. "Hardly" ni karibu hapana.

"Late" na "lately": "The truck came late" maana yake lori lilikawia. "Lately" ni siku hizi za karibuni.

"Fast": haibadiliki. "A fast car", "He runs fast". Neno "fastly" usiliandike.

"Friendly": inaishia na "-ly", lakini ni kivumishi. "A friendly man" ni mutu mwenye urafiki.

Mutego wa Kifaransa

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuko na mitego yetu. "Actually" si "actuellement". Maana yake ni "kwa kweli". Ukitaka kusema kwa sasa unatumika Bunia, andika "I currently work in Bunia". "Eventually" nayo si "éventuellement". Maana yake ni "mwishowe", jambo lilifika hata kama lilikawia. Na kivumishi "sensible" kwa Kiingereza ni mutu mwenye busara. Mwenye kuumia moyo upesi ni "sensitive".

Pahali pa kielezi pia panatusumbua. Kwa Kifaransa ni "je parle bien anglais", ndiyo sababu wengi wanaandika "I speak well English". Kwa Kiingereza usitenge tendo na kitu chake: "I speak English well."

Jijaribu

Chagua neno linalofaa:
a) He drives (careful / carefully).
b) We arrived (late / lately).
c) This coffee tastes (good / well).

Majibu: a) carefully, b) late, c) good.

Kama uko na barua ya kazi ya kutuma, isome tena leo. Pigia mustari kila neno linaloishia na "-ly", kisha uliza: linaeleza nini? Na kama umeandika "hardly", hakikisha ni kweli unataka kusema "karibu hapana".