Mshumaa wa manukato: Kazi ya jikoni inayodai mizani na tahadhari

KWA Wakenya wengi mshumaa ni kitu cha kutafutwa kwa kupapasa umeme unapopotea, kama ilivyokuwa usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilipotumbukia gizani. Miaka ya karibuni, hata hivyo, mshumaa umepata kazi ya pili: kunukisha sebule, kupamba meza ya arusi na kutolewa zawadi.

Mkazi wa Kiptere, katika Kaunti ya Kericho, anaweza kutengeneza mshumaa wa aina hiyo jikoni mwake kwa vifaa vichache. Lakini kazi hii haifanani na kuoka mandazi. Kinachouzwa hapa ni moto, na mnunuzi atakaa nao chumbani pamoja na watoto na mapazia. Ndiyo maana nta, utambi na joto hutangulia, na harufu hufuata.

Nta ipi?

Mishumaa myeupe ya dukani hutengenezwa kwa parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Nta ya soya ilibuniwa mapema miaka ya 1990 na Mmarekani Michael Richards, wa jimbo la Iowa, aliyekuwa akitafuta mbadala wa nta ya nyuki iliyo ghali. Mafuta ya soya huongezwa hidrojeni kiwandani hadi yakagande. Kwa hivyo mkulima hawezi kuikamua nta hiyo kutoka kwa soya ya shambani mwake. Hana budi kuinunua kwa kilo kutoka kwa wauzaji wa malighafi za mishumaa na sabuni.

Nta iliyo karibu zaidi na nyumbani ni ya nyuki. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali, ambayo baadhi ya warinaji huyatupa, huchemshwa ndani ya maji, yakachujwa kwa kitambaa na kuachwa yapoe. Nta huelea na kuganda juu. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, na ni ngumu kuliko ya soya. Ina harufu yake ya asili, hivyo haihitaji manukato mengi.

Vipimo na hatua

Kwa mishumaa mitatu ya soya, kila mmoja katika bilauri nene ya mililita 200, huhitajika gramu 500 za nta na gramu 40 za manukato, yaani asilimia 8 ya uzito wa nta. Vyote hupimwa kwa mizani, kwa kuwa kijiko hudanganya. Manukato yakizidi kiasi ambacho nta inaweza kubeba, hutoka jasho juu ya mshumaa na yanaweza kushika moto.

Nta huwekwa ndani ya chombo cha chuma, nacho hukalishwa katika sufuria yenye maji yanayochemka. Kamwe isiwekwe moja kwa moja juu ya jiko. Katika mji wa Kericho, ulio zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kwa njia hii nta haiwezi kupita kiwango hicho. Kipimajoto kikisoma nyuzi 80 hadi 85, chombo hutolewa, manukato yakamiminwa na kukorogwa polepole kwa dakika mbili.

Utambi wa pamba hugandishwa katikati ya bilauri na kushikiliwa kwa kijiti. Nta humiminwa ikishapoa hadi karibu nyuzi 60. Baridi ya nyanda za chai ina athari zake: bilauri isipopashwa joto kidogo kwanza, nta hujikunja na kuachana na kioo. Baada ya kuganda, mshumaa huachwa siku 10 hadi 14 kabla ya kuwashwa, ili harufu ishikamane na nta.

Kishawishi cha majani

Katika nchi ya chai ni rahisi mtu kushawishika kunyunyiza majani makavu ya chai juu ya mshumaa ili upendeze. Asifanye hivyo. Kila jani kavu hugeuka utambi wa pili, na moto mmoja ukawa mitatu. Anayetaka harufu ya shamba atumie mafuta ya mchaichai au ya mkalitusi, kwa vipimo vile vile vya mizani.

Jaribio kabla ya soko

Utambi mnene mno huinua mwali, hutoa masizi na kuipasha bilauri joto kupita kiasi. Ulio mwembamba huchimba shimo katikati na kuacha nta pembeni. Ubora wa soya haufuti makosa hayo, kwani nta yoyote hutoa masizi utambi usipofaa. Tambi zenye waya usiojulikana ziepukwe; Marekani ilipiga marufuku zenye madini ya risasi mwaka 2003.

Kwa sababu hiyo, mshumaa wa kwanza wa kila aina ya nta, bilauri na harufu huteketezwa wote na mtengenezaji mwenyewe, kwa awamu za saa nne, huku utambi ukikatwa ubaki milimita 5 kabla ya kila awamu. Ukipasua bilauri au kutoa moshi mweusi, utambi hubadilishwa na jaribio huanza upya.

Nta ikishika moto jikoni, zima jiko na ufunike chombo kwa mfuniko. Usimwagie maji, kwani hurusha nta inayowaka huku na huku. Masalio nayo yasimwagwe kwenye sinki, maana huganda na kuziba bomba.

Anayenuia kuuza aulize mapema masharti ya shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, na abandike maelezo yanayosomeka: usiwashwe karibu na pazia, usiachwe bila mtu, uwekwe mbali na watoto. Maelezo hayo hugharimu karatasi tu, lakini ndiyo yatakayobaki na mnunuzi mtengenezaji akiwa mbali.