Tiba ya Kiuno Iliyoanzia Sikioni

Sisi mafundi cherehani kiuno ndicho kinachotulipisha ushuru wa kazi, ndiyo maana historia ya kairopraktiki, tiba ya kunyoosha pingili za mgongo, imenivuta. Cha ajabu, haikuanza na kiuno.

Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyewahi kufuga nyuki na kuuza samaki, alikuwa mganga wa sumaku mjini Davenport, Iowa. Hakuwa daktari. Kwa masimulizi yake, Septemba 1895 alimkuta Harvey Lillard, mfagizi wa jengo, ambaye usikivu wake ulikuwa umepotea kwa miaka 17, tangu alipoinama akahisi kitu kimealika mgongoni. Palmer akasukuma pingili iliyotuna, na Lillard, wanasema, akasikia tena. Madaktari walicheka: mshipa wa fahamu wa sikio haupiti mgongoni. Hapo nami nipo upande wao.

Palmer akatangaza kwamba karibu maradhi yote yanatokana na pingili zilizohama. Mwaka 1906 alihukumiwa kwa kutibu bila leseni, akagoma kulipa faini, akafungwa. Chama cha madaktari cha Marekani kiliwapiga vita wafuasi wake na kuwasusia kwa miaka mingi; mwaka 1987 mahakama iliamua kwamba ususiaji huo ulivunja sheria ya ushindani.

Lakini wagonjwa walikuwa wameshachagua: walileta viuno, si masikio. Mwaka 1994 mwongozo wa serikali ya Marekani ulikubali kunyoosha pingili kwa maumivu mapya ya kiuno. Nafuu yenyewe ni ya wastani, inakaribiana na ya mazoezi.