Kutafuta vigawo kwa kugawanya

Kutafuta vigawo kwa kugawanya ni njia ya hisabati ya kutambua vigawo vya namba nzima kwa kuangalia baki. Namba ikigawanywa kwa nyingine na baki ikawa 0, ile iliyogawanya ni kigawo chake. Ikibaki chochote, si kigawo. Katika shule za msingi za Tanzania somo hili huenda pamoja na vigawe, namba tasa, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika).

Mfano wa mifuko

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, zilipo Segese na Kakola, wachimbaji wadogo hugawana mawe kwa mifuko. Tuseme ipo mifuko 91. Wakiwa watu 6, kila mmoja hupata 15 na mfuko 1 hubaki. Mfuko huo mmoja unatosha kuleta ugomvi, maana hakuna ajuaye kilichomo kabla mawe hayajasagwa kwenye karasha. Wakiwa 7, kila mmoja hupata 13 na hakibaki kitu. Basi 7 na 13 ni vigawo vya 91, namba ambayo wengi huidhania kuwa tasa kwa sababu haimo katika jedwali la kuzidisha linaloishia 12 × 12.

Mahali pa kuishia

Vigawo huja kwa jozi: 91 ni 1 × 91 na 7 × 13. Katika kila jozi, namba moja haizidi kipeuo cha pili cha namba inayochunguzwa. Kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa hadi kipeuo hicho. Kwa 97 hujaribiwa 2, 3, 5 na 7 tu. Baki ni 1, 1, 2 na 6, hivyo 97 ni tasa.

Mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961, unahitaji subira zaidi. Kipeuo chake cha pili ni takriban 44.3. Ukigawanywa kwa 2 baki ni 1, kwa 3 ni 2, kwa 5 ni 1, kwa 7 ni 1. Hata kwa 31 bado hubaki 8. Kwa 37 baki ni 0, kwani 37 × 53 = 1961. Anayechoka kwenye 31 ataitangaza tasa kimakosa.

Njia ya mkato

Kwa 3 na 9 hujumlishwa tarakimu, kwa kuwa 10, 100 na 1000 zote huacha baki 1 zikigawanywa kwa 9 au kwa 3. Kwa 1961 jumla ni 17. 17 kwa 3 huacha 2, sawa na hapo juu.

Namba kubwa

Njia hii hushindwa namba zikiwa ndefu mno, na usimbaji wa RSA uliobuniwa mwaka 1977 hutegemea ugumu huo. Namba ya RSA-250, yenye tarakimu 250, ilipatikana vigawo vyake mwaka 2020 kwa mbinu nyingine na kompyuta nyingi.